Bwawa la ekari 6: gugumaji limefunika theluthi na tilapia hawakui. Tuanzie wapi?

Kamba_na_Boya

Wakuu, hamjambo. Naomba ushauri wa watu wanaojua mabwawa ya burudani, si ya kufugia samaki peke yake.

Bwawa ni la zamani, lilichimbwa kwa ajili ya shamba la kahawa kati ya Ruiru na Thika, mwinuko wa mita 1,500 hivi. Ukubwa ni ekari 6. Kina ni mita 4 karibu na tuta, na wastani ni mita 1.8. Maji huingia kwa kijito kimoja na kutokea kwenye mlango wa maji ya ziada wenye upana wa mita 5. Wageni huja kupiga makasia, kuvua kwa ndoana na kupumzika. Kuogelea ni marufuku, ila watoto huchezea maji kingoni.

Hali ilivyo sasa: gugumaji limefunika kama ekari 2 na huhama na upepo. Ndani yake kuna salvinia, gugu jingine dogo linaloelea. Kwenye kona ya kina kifupi kuna majani laini marefu chini ya maji, yanashika makasia na kukata nyuzi za ndoana. Tilapia ni wengi kupindukia lakini wa sentimita 10 hadi 12 tu, na kambare ni wachache. Siku za mawingu, alfajiri, samaki wanaonekana wakihema juu ya maji.

Muuza dawa anashauri magunia ya kopa salfeti, ile chumvi ya shaba. Mwingine anasema tulete samaki aitwaye bass kutoka Naivasha pamoja na yule kapi mla majani wa asili ya Uchina. Kuna anayetaka tunyunyize dawa ya magugu, glaifoseti, na kumaliza kazi kwa wiki moja. Lipi litangulie?

---

Bi_Mafunjo

Ndugu Kamba, kwanza zuia wote watatu wasiguse chochote. Samaki wanaohema alfajiri wanakwambia bwawa halina akiba ya oksijeni, na kuua majani ndani ya maji ya namna hiyo ni kuua samaki wiki inayofuata.

Fanya hesabu uone. Gugumaji lililosongamana lina uzito wa kilo 25 hadi 30 kwa mita ya mraba, na karibu asilimia 95 ni maji. Inabaki kilo 1.5 ya kitu kikavu. Ikioza yote, hunyonya oksijeni karibu sawa na uzito wake, yaani kilo 1.5 na zaidi kidogo. Sasa angalia kilichopo: katika mwinuko wako, maji ya nyuzi 22 hayawezi kushika zaidi ya miligramu 7.3 hivi kwa lita hata yakijaa kabisa. Safu ya maji yenye kina cha mita 1.8 inabeba gramu 13 kwa kila mita ya mraba. Gramu 13 dhidi ya gramu 1,500. Hewa ya juu itarudishia kiasi, na kuoza huchukua wiki kadhaa, lakini pengo hilo halizibiki.

Hiyo ndiyo shida ya glaifoseti. Kuua inaua, hilo si uongo, kwa sababu majani ya gugumaji yako hewani na dawa inashika. Mmea hugeuka kahawia, huzama, na kila kilichokuwa ndani yake kinarudi majini kuwa mbolea ya magugu yajayo. Kama mtalazimika kuitumia mahali fulani, iwe ni dawa iliyosajiliwa kwa matumizi ya majini, aliyepiga awe na idhini, na msipige zaidi ya theluthi moja ya eneo kwa wakati mmoja, mkisubiri wiki mbili au tatu kabla ya theluthi inayofuata. Kwa ekari 2, mimi sioni haja.

Litoe kwa mikono. Ukiliondoa kabisa majini, ile sheria ya theluthi haikubani, maana hakuna kitakachooza humo. Ekari 2 ni mita za mraba 8,094, kwa hiyo mnatazamia tani 200 hadi 240. Kadiria tani moja kwa mtu kwa siku, ikiwa wanavuta kwa reki na uma kutoka kingoni na kuna wilbaro za kusogeza. Watu kumi, siku ishirini na kidogo. Fanyeni Januari au Februari, kabla mvua za masika hazijaleta virutubisho na vipande vipya.

Namna ya kufanya:

Tega kamba yenye maboya kuvuka bwawa, igawanye zulia la magugu vipande. Usiruhusu zulia lote lielee huru, kwa sababu upepo wa mchana utalirudisha pale mlipotoka kusafisha. Subiri upepo ulisukume kwenye ukingo mmoja, kisha funga kamba nyuma yake. Vuteni asubuhi maji yakiwa yametulia. Ng'oa mmea pamoja na mizizi, usikate kwa panga juu kwa juu, maana kitovu kilichobaki kinachipua.

Wengi hushindwa mwishoni, si mwanzoni. Gugumaji likipata joto na chakula huongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi. Mkiacha sehemu ya kumi, hiyo ni kumi kuwa ishirini, ishirini kuwa arobaini, arobaini kuwa themanini: wiki sita au saba na mko pale pale. Kwa hiyo tengeni watu wawili na mtumbwi mmoja, kila wiki, miezi sita mfululizo baada ya kazi kubwa, waokote mmea mmoja mmoja kwenye matete na chini ya gati. Mbegu zake hukaa hai kwenye tope miaka 15 na zaidi, hivyo doria haitakwisha kabisa, itapungua tu.

Salvinia ni tofauti. Haizai kwa mbegu, huenea kwa vipande tu, na penye joto na virutubisho tele hujirudufu chini ya wiki. Ukipita na reki yenye meno mapana umeisambaza. Tumia wavu wenye matundu madogo kama wa mbu, uliofungwa kwenye fremu, na ukusanye pole pole kuelekea ukingoni.

Yale majani ya chini, je, yana mizizi? Vuta moja utazame, kisha turudi.

---

Wavu_Mdogo

Nakubaliana na Bi Mafunjo, nami niongeze upande wa samaki, kwa sababu mambo haya mawili ni ugonjwa mmoja.

Tilapia huanza kuzaa akiwa mdogo, na akibanwa na njaa huzaa akiwa mdogo zaidi. Kwenye bwawa lenye majani mengi chini ya maji, vifaranga hujificha na kambare hawafiki walipo. Wanaokoka wengi, chakula kinagawanywa, wote wanadumaa. Ukiongeza chakula unaongeza idadi, si ukubwa, na mabaki yanalisha magugu. Kila kilo ya chakula cha samaki ina karibu gramu 10 za fosforasi. Kama wageni wanatupa mikate majini, simamisheni leo.

Naomba vipimo kabla ya kushauri idadi yoyote:

Vua tilapia 40 kwa wavu, si kwa ndoana, kwa sababu ndoana huchagua. Pima urefu wa kila mmoja kutoka mdomoni hadi mwisho wa mkia, na uzito kwa gramu. Kisha chukua uzito, zidisha kwa 100, gawanya kwa urefu uliozidishwa wenyewe mara tatu. Tilapia mwenye afya hupata 1.8 hadi 2. Mfano: wa sentimita 15 awe na gramu 60 kwenda juu, wa sentimita 20 awe na gramu 145. Akishuka chini ya 1.6 ana njaa.

Pima oksijeni saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijachomoza, juu na kwenye kina cha mita 1.5. Kipimo cha saa nane mchana hakina maana hapo, majani yatakuwa yamejaza maji oksijeni na utadhani mambo ni mazuri.

Pima ung'avu wa maji kwa sahani ya Secchi. Chukua kifuniko cha ndoo chenye kipenyo cha sentimita 20, kipake robo nyeusi na robo nyeupe kwa kupishana, kifunge uzito chini na kamba yenye alama kila sentimita 5. Shusha upande wenye kivuli hadi kipotee, pandisha hadi kionekane, chukua wastani.

Mwisho, alkalini ya maji, yaani uwezo wake wa kuhimili asidi. Duka lolote la vifaa vya mabwawa ya kuogelea huuza karatasi za kupimia.

---

Sumu_Kidogo

Kopa salfeti huua mwani vizuri na ni rahisi. Tatizo liko wapi?

---

Wavu_Mdogo

Ndugu Sumu, tatizo la kwanza ni kwamba gugumaji si mwani. Kwa kipimo ambacho samaki wanaweza kukivumilia, kopa haitaligusa.

La pili ni alkalini. Kipimo kinachotumika sana ni alkalini gawanya kwa 100, jibu ni miligramu za kopa salfeti kwa lita, na chini ya alkalini 50 haifai kutumiwa kabisa kwenye maji yenye samaki. Vijito vya ardhi nyekundu kama ya huko Thika mara nyingi vina maji laini. Bwawa hili lina mita za ujazo 43,700 hivi, kwa hiyo miligramu moja tu kwa lita ni kilo 43.7, yaani chini ya gunia moja la kilo 50. Anayezungumza kuhusu "magunia" anazungumza kuhusu kuua kila kitu, pamoja na wadudu wadogo wanaokula mwani huo huo. Na kopa haiyeyuki ikapotea, inakaa kwenye tope.

---

Kamba_na_Boya

Asanteni sana. Vipimo hivi hapa, vimechukuliwa siku tatu mfululizo:

Oksijeni saa 12 asubuhi, kwa miligramu kwa lita: juu 2.1, kwenye kina cha mita 1.5 ni 1.1. Sahani ya Secchi sehemu ya wazi: sentimita 45. Alkalini: 38. Joto: 21 hadi 23.

Tilapia 40: thelathini na mmoja ni kati ya sentimita 9 na 13, sita ni kati ya 13 na 20, watatu wamezidi 20. Wa sentimita 15 ana gramu 49.

Majani ya chini hayana mizizi kabisa. Ni shina refu lenye vijani vyembamba vinavyozunguka kama mkia, na ukivunja kipande kinaelea.

Je, tukishusha maji kwa mita moja na nusu wakati wa kiangazi, si tutaua majani ya kingoni na kukamata samaki kwa urahisi?

---

Tuta_na_Mfereji

Kushusha maji ni njia nzuri na watu wengi huisahau. Kingo zikikauka wiki nne hadi sita kwenye jua kali, majani laini yanakufa, tope linashuka na kukaza, na mnaweza kuchonga kingo ziwe na mteremko mkali zaidi. Ukingo ulioingia majini kwa mteremko wa moja kwa tatu, hadi kina cha mita moja, hauachi rafu pana ya maji mafupi ambayo ndiyo kitalu cha magugu.

Ila kwa tuta la udongo msishushe haraka. Udongo wa ndani ukiwa umelowa na maji yanayoubana yakaondoka ghafla, upande wa ndani wa tuta huporomoka. Sentimita 15 kwa siku zinatosha. Kagua tuta kila asubuhi, ukiona ufa unaofuata urefu wa tuta, simama.

---

Bi_Mafunjo

Hapo napingana na ndugu Tuta, si kwa sababu za tuta bali kwa sababu ya mbegu. Mbegu za gugumaji zilizolala kwenye tope husubiri hali hiyo hiyo: tope bichi, maji ya kina kifupi, mwanga. Ukishusha maji mita moja na nusu kwenye bwawa ambalo limekuwa na gugumaji kwa miaka, unaweza kuona zulia la miche ndani ya mwezi. Na oksijeni yake ni 2.1. Ukiwabana samaki hao hao kwenye maji machache yatakayobaki, pamoja na magugu hayo hayo, watakufa kabla hujafika na wavu.

Kama mnataka kushusha, iwe baada ya gugumaji kutolewa lote, na muwe tayari kupita kila wiki kung'oa miche ikiwa na majani mawili matatu. Mwaka huu nisingeshusha.

---

Tuta_na_Mfereji

Bi Mafunjo, kuhusu mbegu nakubali, sikuiwazia. Basi iwe mwaka wa pili, na nusu mita tu.

Nigeukie mahali ambapo pesa italeta faida zaidi: mdomo wa kijito. Magugu ni matokeo. Anayeyalisha ni anayeingia na maji. Tazameni Bwawa la Nairobi. Lilikuwa mahali pa kupeperusha tanga na kuvua, na gugumaji likatolewa zaidi ya mara moja, likarudi, kwa sababu maji machafu kutoka mitaa ya juu hayakukoma kuingia. Pandeni kijito kilomita mbili kwa miguu mkiwa na daftari. Andikeni kila bomba, kila choo, zizi, shamba linalolimwa hadi ukingoni, kiwanda cha kumenya kahawa. Maganda na maji ya kahawa yakiingia wakati wa msimu ni mzigo mkubwa sana wa kuoza, na kwa oksijeni mliyonayo wiki moja tu inaweza kuwamaliza samaki. Anayemwaga maji taka ya kahawa kijitoni anavunja sheria, Mamlaka ya Rasilimali za Maji na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, wana nguvu juu ya hilo. Anzeni na mazungumzo ya ujirani.

Kisha chimbeni shimo la kunasa tope pale kijito kinapoingia: urefu wa mita 15, upana wa mita 10, kina cha mita 1.5, na njia ya trekta ya kulifikia. Maji yakipanuka yanapunguza kasi, udongo unatua humo badala ya kutua bwawani, na fosforasi nyingi huja imeshikamana na udongo. Litolewe tope kila mwaka mwezi wa Februari au Septemba. Lisipotolewa, mvua kubwa moja italisukuma lote bwawani na mtakuwa mmefanya kazi bure.

Kati ya shimo na bwawa acheni mafunjo na matete upana wa mita 10. Pembeni mwa bwawa zima pandeni ukanda wa nyasi wa mita 5 hadi 10 usiotiwa mbolea. Vyoo vya wageni na mashimo yake visogezwe angalau mita 30 kutoka majini, upande wa chini wa mteremko ikiwezekana.

Na kizuizi cha magugu: kamba ya milimita 16, mitungi mitupu ya lita 20 iliyofungwa vizuri kila mita mbili, na chini yake wavu wa waya wa kuku unaoning'inia sentimita 60, kwa sababu mizizi ya gugumaji hufika huko. Itegeni kwa mshazari mbele ya kijito, si kwa kukatiza moja kwa moja. Ikiwa mshazari, mkondo wenyewe unayasogeza magugu hadi kwenye ukingo mliouchagua wa kuyatolea. Ikikatiza, yanarundikana katikati, uzito unakata kamba.

---

Wavu_Mdogo

Sasa tuna takwimu. Tilapia wa sentimita 15 mwenye gramu 49 anatoa 1.45. Hiyo ni njaa ya wazi. Na 31 kati ya 40 wako kwenye rika lile lile lililokwama.

Usinunue vifaranga vya tilapia, hata vile vya madume watupu. Watu wengi hupoteza pesa hapa. Vifaranga madume hufaa kwenye bwawa lililokaushwa na kusafishwa. Ukiwatia kwenye maji yenye majike maelfu, umeongeza midomo tu.

Fanya hivi. Magugu yakishatoka kwenye ghuba moja, vuta wavu wa mita 50 wenye kina cha mita 3 na matundu ya milimita 25. Kokoro, yaani wavu wa kuvuta kama huu, limepigwa marufuku Ziwa Victoria, kwa hiyo hata kwa bwawa la binafsi pita kwanza kwa afisa uvuvi wa kaunti upate ruhusa ya maandishi. Kila tilapia chini ya sentimita 18 asirudi majini. Waliozidi hapo warudishwe kwa mikono iliyolowa. Rudia kila wiki mbili, ukihamia ghuba nyingine. Penye visiki tumia migono. Wageni wanaovua nao wapewe kanuni hiyo hiyo: mdogo anachukuliwa, mkubwa anarudishwa. Watashangaa, maana wamezoea kinyume chake, kwa hiyo bandikeni sababu kwenye ubao pale gatini. Usiweke lengo la kilo. Pima samaki 40 kila miezi mitatu na uendelee kutoa hadi wa sentimita 15 afike gramu 57 au 60.

Kambare ndiye mla-wenzake wako, hana haja ya kusafirishwa kutoka mbali na huvumilia oksijeni ndogo kwa sababu hupumua hewa ya juu. Weka 100 kwa ekari, jumla 600, wenye sentimita 15 au zaidi. Wadogo kuliko hapo wataliwa na ndege. Usitarajie wapunguze tilapia wa sentimita 11, hao ni kazi ya wavu. Kambare atakula vifaranga wapya, na hilo ndilo unalolitaka. Waweke baada ya majani ya chini kupunguzwa, la sivyo unawanunulia njaa. Mfuko wa vifaranga uelee bwawani nusu saa, kisha ongeza maji ya bwawa kidogo kidogo kwa dakika kumi kabla ya kuwaachia, jioni.

Kuhusu bass: kwa uvuvi wa ndoana ni samaki mzuri sana na amekuwapo Naivasha tangu mwishoni mwa miaka ya 1920. Lakini anataka oksijeni ya 5 na kuendelea, wewe una 2. Pia kuhamisha samaki hai kunahitaji kibali, na ndoo ya maji ya Naivasha hubeba zaidi ya samaki. Kamba wekundu wa Marekani, viumbe wa majini wenye magando, walitiwa humo mwaka 1970, wakaongezeka na kufyeka majani ya chini ya maji. Baadaye akaja kapi wa kawaida anayechimbua tope. Bwawa lako linamwagia maji jirani zako wa chini, na kinachotoka hakirudishwi.

Kapi mla majani hataligusa gugumaji lako. Hupenda majani laini ya chini, na akizidi idadi humaliza yote, kisha maji hugeuka kijani au tope kwa sababu hakuna tena mmea wa kushindana na mwani. Anaishi zaidi ya miaka kumi, hutaweza kumtoa. Kwangu ni hapana.

---

Bi_Mafunjo

Majani yasiyo na mizizi, yenye vijani vya kuzunguka shina na yanayoelea yakivunjika, ni seratofilamu. Usikate kwa fyekeo wala panga. Kila kipande kinaishi. Funga reki mbili nzito mgongo kwa mgongo, weka kamba ya mita 15, rusha, acha izame, vuta pole pole, na mtu mwingine asimame nyuma na wavu wa kuokota vipande. Anzeni njia za mitumbwi na mbele ya gati.

Msiyamalize. Kwa Secchi ya sentimita 45 na virutubisho mlivyonavyo, mkitoa majani yote kwa mara moja mwanga na chakula vitachukuliwa na mwani, na mwani mzito ni hatari zaidi kwa oksijeni ya alfajiri. Bakizeni kama robo ya eneo la bwawa, kwa mafungu mafungu, upande ambao mitumbwi haipiti. Kambare huwinda kwenye kingo za mafungu hayo, na yungiyungi zikiwapo ziacheni.

Kuhusu fukusi wa gugumaji, wadudu wanaolila, najua mtu atauliza. Wapo aina mbili za jenasi Neochetina walioachiliwa Ziwa Victoria miaka ya 1990, na kituo cha utafiti wa kilimo pale Kibos, karibu na Kisumu, kiliwazalisha. Wanasaidia, lakini huhitaji miaka miwili hadi minne, na baridi ya nyanda za juu huwachelewesha. Kwa ekari 2 mkono una kasi zaidi. Wanafaa kwa magugu ya juu ya kijito ambayo hamuyafikii, kwa kupitia taasisi husika. Na mahali penye fukusi hapapigwi dawa, utawaua kwa kuwaondolea chakula.

Mliyoyatoa yasirundikwe ukingoni. Maji meusi yanayochuruzika kutoka kwenye rundo ni mbolea ileile inayorudi. Yatandazeni mita 30 kutoka majini, juu ya alama ya mafuriko, yanyauke siku tatu hadi tano. Kisha rundo la mita 1.5 kwenda juu, kwa tabaka na majani makavu au samadi, ligeuzwe kila wiki mbili. Ndani lifike nyuzi 55 kwenda juu, la sivyo mbegu zitabaki hai. Ikiwa uchunguzi wa kijito utaonyesha maji taka ya karakana au viwanda, mboji hiyo iende kwenye maua na miti, si sukuma wiki, kwa sababu gugumaji hunyonya risasi na kadimiamu.

Wafanyakazi wavae gamboti ndefu na glavu. Konokono wa kichocho hupenda majani hayo hayo, na mabuu yake hutoka kwa wingi jua likiwa kali. Hiyo pia ni sababu ya kuwazuia watoto kingoni hadi majani yatolewe.

---

Kamba_na_Boya

Nimeelewa, na kazi inaanza na kijito na gugumaji kwa mikono. Maswali mawili ya mwisho. Tukifika Julai na baridi yake, na asubuhi moja tukute samaki wote juu wanahema, tufanye nini saa hiyo hiyo? Na je, tuweke wavu kwenye mlango wa maji ya ziada ili magugu na kambare wasitoke?

---

Wavu_Mdogo

Julai ndiyo hasa. Wiki za mawingu bila jua majani hayatengenezi oksijeni ya kutosha mchana, kisha upepo baridi au mvua hupindua maji, na yale ya chini yasiyo na oksijeni hupanda juu. Wakubwa hufa kwanza, hiyo ndiyo alama kwamba ni oksijeni. Sumu huua wadogo na wakubwa pamoja.

Pampu ya petroli ya inchi 3 iwe na mafuta na iwe imejaribiwa tangu Juni. Mdomo wa kunyonya uwe nusu mita tu chini ya uso, usiushushe kwenye tope. Maji yarushwe juu kwa bomba lililobanwa yarudi kama mvua mahali palepale walipokusanyika samaki. Pampu moja haitatibu ekari 6, itatengeneza kona moja ya kupumulia, na samaki wataifuata. Iendeshe kuanzia saa tisa usiku hadi jua lipande vizuri. Siku hizo hakuna kulisha, hakuna kuvuta wavu, hakuna kurusha reki, kwa sababu tope likitibuliwa linakula oksijeni iliyobaki. Chokaa ya kilimo mnaweza kuweka baadaye kuinua alkalini, tani moja kwa hekta, wakati wa kiangazi. Ile chokaa ya kupakia kuta isiingie kabisa, hupandisha pH, kipimo cha asidi ya maji, ghafla.

---

Tuta_na_Mfereji

Wavu kwenye mlango wa maji ya ziada, hapana. Magugu yataziba matundu usiku mmoja wa mvua, maji yatapanda, yatapita juu ya tuta, na tuta la udongo likianza kumong'onyolewa kwa juu halidumu hadi asubuhi. Chini yenu kuna watu.

Tegeni kamba ya mitungi kwa mshazari mita 15 kabla ya mlango, wavu wake wa waya usizidi sentimita 40, na ncha moja iwe na fundo la kufungulika kwa mvuto mmoja. Mlango wenyewe uwe wazi upana wote wa mita 5, bila nondo, bila matete, bila gogo. Kambare wachache watatoka kwenye mafuriko, nanyi mtanunua wengine. Mvua ikizidi siku nzima, mtu mmoja akae hapo na tochi na reki ndefu, amefungwa kamba kiunoni.